Rambirambi ya Vidonge

Nyumbani kwetu tumbo la baba lilihesabiwa kama mtu. Lilikuwa na chungu chake, lilikuwa na saa zake za kulala, na lilikuwa na hasira zake. Mama alipoamka hakuuliza kama baba amelala salama. Aliuliza tumbo limeamkaje. Sisi watoto tulijua kunyamaza kwa ajili ya tumbo kabla hatujajua kunyamaza kwa ajili ya wageni.

Mboga ilipikwa mara mbili. Chungu cha baba hakikuwa na pilipili, wala ndimu, wala embe bichi, na kiliiva mpaka mbaazi zikasahau kwamba ziliwahi kuwa mbaazi. Chungu kingine kilikuwa chetu sisi watu wa kawaida. Baba alikaa na sahani yake akitazama samaki wetu wa ng'onda wa pilipili kwa macho ya mtu aliyefungwa jela bila kosa, na mara nyingine mkono wake ulitoroka ukaja kuchovya kwetu. Hapo mama alikohoa, na mkono ukarudi nyumbani.

Kijiji chetu kilikuwa bara ya Lindi, katikati ya mikorosho, kimoja katika vile vijiji vya ujamaa vilivyopangwa nyumba kwa mistari. Zamani kila ukoo ulikuwa na mji wake huko porini, ambao sasa ni mahame, mbali na macho ya jirani. Tulipokusanywa pamoja, ghafla kila mtu akawa anasikia kikohozi cha kila mtu. Baba alipenda sana. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye sauti nzito, na haikupita muda akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nilikuwa mwalimu, mmoja wa wale vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki na kujifunza kufundisha huku wakifundisha. Nilikuwa na miaka ishirini hivi na nilijiona najua kila kitu. Baba aliniita Mwalimu hata nilipokuwa naosha masufuria.

Mwenyekiti huyu alienda mikutanoni na chupa ya soda iliyojaa dawa nyeupe kama chokaa, aliyopewa na mganga wa zahanati. Kabla ya kuhutubia aliitikisa chupa, akanywa funda moja, akajifuta masharubu meupe, ndipo akaanza habari za shamba la pamoja. Kuna watu walioamini kabisa kwamba ile ni dawa ya sauti, na kijana mmoja aliyetaka ukatibu alikwenda zahanati kuiomba.

Chupa ile haikumfaa sana. Msimu mmoja wa korosho, akiwa kwenye mizani ghalani, baba aliinama kama anayetafuta kitu chini, akatapika damu nyeusi kama machicha ya kahawa. Tulikuwa na bahati kwamba lori la korosho lilikuwa pale pale limeanza kupakia. Dereva hakuuliza mara mbili. Walimlaza juu ya magunia, mama kichwani, mimi miguuni, na nakumbuka barabara yote nilimwomba Mungu kwa sauti mpaka utingo akaniambia nipunguze, ninamtisha dereva.

Hospitali ya Lindi walimwongezea damu, ndugu zetu wakatoa nyingine, na baba akakaa wodini mpaka akaanza kuwapangia wagonjwa wenzake zamu za kufungua madirisha. Ndipo tukajua kuwa amepona. Tulihamia kwa baba mdogo huko Mitwero kwa muda, ili awe karibu, akinywa vidonge vipya ambavyo daktari alivipata kwa shida kutoka nje na kuwapa wagonjwa wachache. Vilikuwa vya kijani hafifu, na baba alivisifia kama mtu anavyosifia mkwe mpya.

Siku ya kutuaga daktari alitukalisha wote watatu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiye na haraka. Alisema kidonda kimepona, lakini tumbo la namna hii ni kama ukuta wa udongo uliozibwa tundu: mvua ikija, inaanzia pale pale. Kwa hiyo baba atakunywa kidonge kimoja kila usiku anapokwenda kulala, na ataendelea kunywa hata akijisikia mzima. Hasa akijisikia mzima. Baba akauliza mpaka lini. Daktari akasema wataona, mwaka, pengine miaka. Alimpa kopo lenye vidonge vya kumvusha masika nzima, kwa sababu alijua barabara yetu: mvua zikishika, lori halipiti. Akamwambia mama, kwa sauti ya chini lakini mimi nilisikia, kwamba akitapika damu tena wakati njia imekatika, hafikirii kama atafika.

Siku hizi wanasema ugonjwa ule mara nyingi ni vijidudu, unakunywa dawa wiki mbili, kwisha habari. Enzi zile vijidudu hivyo vilikuwa havijajulikana. Wakubwa walisema ni pilipili na mawazo. Pilipili sawa, lakini baba hakuwa na mawazo hata chembe. Mawazo yote alituachia sisi.

Tulirudi kijijini akapokewa kwa ngoma. Alinenepa. Alirudi shamba la pamoja akalima mstari wake na wa jirani. Wiki za mwanzo alikunywa kidonge chake kila usiku, akikitazama kwanza kwa taa kana kwamba kinamdai maelezo. Kisha akaanza kusemasema. Dawa anayoijua yeye, alisema, hufukuza ugonjwa, ugonjwa ukitoka na dawa nayo inapumzika. Hii inafukuza nini, na nyumba haina mtu?

Mama hakuwa mtu wa kumjibu baba. Kikohozi kile cha kwenye sahani ndicho kilikuwa upinzani wake wote.

Mimi niligundua shuleni. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa amelala juu ya dawati, nikamuuliza ana nini, akasema kichwa kilimuuma jana lakini mwenyekiti amempa dawa, kwa hiyo leo hakimuumi, ana usingizi tu. Nikamuuliza dawa gani. Ya kijani, akasema, na akaniambia bibi yake naye amepewa, ya goti.

Nilizunguka kijiji jioni ile kama mkaguzi. Mama mjamzito wa mstari wa pili alipewa, ya kiungulia, na huyo kwa kweli ilimsaidia, akanishukuru mimi kana kwamba nimeitengeneza. Mwalimu wa madrasa alipewa. Mlinzi wa ghala alipewa kwa ajili ya jipu. Wengine hawakuwa wagonjwa bado. Walipewa kwa tahadhari, wakavifunga kwenye ncha ya kanga wakingoja waumwe. Baba alikuwa ameligeuza kopo la daktari kuwa duka la ushirika.

Nilimkuta barazani anachonga mpini. Nilikuwa nimekasirika hata shikamoo ilitoka kama tusi. Akaitikia marahaba kwa utulivu wake wote, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaweka panga chini.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Mtu asiyeumwa anakula dawa, na anayeumwa anamtazama. Huko shuleni kwenu mtu wa namna hiyo mnamwitaje?"

Nilijua jibu analotaka. Ndilo tulilowaimbisha watoto kila asubuhi: mnyonyaji, kupe. Baba alikuwa ameyachukua maneno ya mikutano akayaamini mpaka tumboni. Wako wenyeviti waliohubiri ujamaa mchana na kuficha sukari chini ya kitanda usiku. Mungu alinipa mimi yule mmoja aliyekuwa mkweli, na ukweli wake ulikuwa unataka kumuua. Nilisema dawa ni yake peke yake. Akasema hakuna kitu kama hicho kijijini. Nikasema daktari ameagiza. Akasema daktari hajaona watu wanaougua hapa. Nikaondoka nikaenda kuosha masufuria kwa nguvu.

Ikafika miezi ya mwisho kabla ya masika. Malori ya korosho yakaanza kupungua. Nikaona baba ameacha kuchovya kwenye sahani yetu. Halafu akaacha kumaliza sahani yake. Kwenye mikutano alihutubia huku ngumi yake imekandamiza tumbo, chini ya mfuko wa shati, akidhani hatuoni. Mama alirudi kutoka chooni asubuhi moja na uso uliokauka, akanivuta nyuma ya nyumba, akanieleza alichokiona: choo cha baba kilikuwa cheusi kama lami. Daktari alikuwa amemtajia dalili hiyo. Kopo lilikuwa limebakia na vidonge vya kuhesabika. Na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa pwani.

"Hatanisikia mimi," mama alisema. "Wala wewe. Nakwenda kwa mke mwenzangu."

Mama hakuwa na mke mwenza. Alimaanisha shangazi.

Huyu alikuwa mtoto wa mjomba wake baba, na kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakamata kuku wako anamla, na ukikasirika, wewe ndiye umekosa adabu. Mtani ndiye mwenye kelele kwenye msiba wako: anamwiga marehemu anavyotembea, anazuia jeneza mpaka apewe kitu, anawachekesha wafiwa mpaka wanaona haya. Shangazi alimwita baba "mume wangu" na mama "mke mwenzangu" tangu siku ya harusi yao, ambapo nasikia alikalia mlango wa chumba cha maharusi akadai kwamba zamu ni yake. Alikuwa mjane mnene, mpika vitumbua, mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake kufika. Kabla ya vijiji aliishi mbali na alikuja kutusumbua mara moja moja tu. Mpangilio wa nyumba kwa mistari ulimleta mlango wa pili kutoka kwetu, na baba alizoea kusema kwamba hiyo ndiyo kasoro pekee ya ujamaa.

Mama alirudi kutoka kwake. Nilimuuliza shangazi amesemaje. Akasema ameuliza tu mkutano wa hadhara ni lini.

Mkutano ulikuwa kesho yake, mbele ya ghala. Baba alikuwa amesimama anaeleza juu ya palizi ya mihogo ya kijiji, ngumi tumboni, ndipo tulipokisikia kilio. Kilitoka upande wa kisimani, kilio kamili cha msiba, na wazee wakaanza kuvua kofia wakitazamana, nani tena. Akatokea shangazi, amejifunga kanga kiunoni kama mfiwa, amejipaka unga usoni, na nyuma yake kundi la wanawake wanaolia na kucheka kwa pamoja, mmoja kabeba mkeka, mmoja kabeba sahani tupu. Mkononi shangazi alishika shina refu la muhogo.

Hakuwasalimu watu. Alikwenda moja kwa moja kwa baba, akasimamisha lile shina kando yake kuanzia unyayo mpaka utosi, akaweka alama kwa kucha. Kisha akampima mabega.

"Endeleeni na mkutano," alisema. "Mimi nampima mume wangu tu."

Watu walicheka. Baba naye alicheka, maana ilimbidi, akasema, "Mtani, mimi niko hai."

"Najua. Nakupima mapema. Mvua zikishika udongo utakuwa mzito, na vijana wa kijiji hiki ni wavivu wa kuchimba."

Akatandika mkeka akaukalia katikati ya mkutano, miguu imenyooshwa, akaanza kugawa mirathi. Shati la mikutano lenye mifuko minne alilitaka yeye. Baiskeli aipate mke mwenzake, maana amevumilia mengi. Sauti yake wapewe watu wa uchaguzi ujao. Alipofika kwenye ile chupa ya dawa nyeupe alimwita kijana aliyetaka ukatibu, akamwambia asogee apokee. Mkutano ulikuwa umekufa kwa kicheko. Mlinzi wa ghala alikuwa amelalia ukuta. Na baba alikuwa amesimama pale, hawezi kukaa, hawezi kukasirika, hawezi kuondoka. Amefungwa na desturi kuliko kamba.

Ndipo shangazi akaweka sahani mbele yake.

"Sasa rambirambi. Hela sitaki. Nataka vile vidonge vya marehemu."

Kicheko kiliendelea kidogo kwa mazoea, kisha kikaanza kuzimika, mstari kwa mstari, kwa sababu kila mtu alikuwa anakumbuka chake kiko wapi. Baba akapata nafasi. Akakohoa, akachukua sauti yake ya mikutano, akaeleza kwamba vidonge vile alivitoa kwa hiari, kwa wanaoumwa, na kwamba haiwezekani mtu mmoja mzima kukalia dawa. Alikuwa anaendelea vizuri. Shangazi alimsikiliza, akajifuta unga usoni kwa kanga, na alipomaliza kujifuta hakuwa anacheka tena. Sikuwahi kumwona uso ule.

"Shamba tumelima wote, mume wangu. Korosho tumeuza wote. Niambie basi: safari hii ukitapika damu na lori hakuna, tutaitapika wote?"

Mkono wa baba ulikuwa bado tumboni, na aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akauondoa. Mimi nilikuwa nimesimama na watoto wa shule, na machozi yalikuwa yananitoka mbele ya darasa zima, wala sikujali.

Wa kwanza kusogea alikuwa mama mjamzito. Alifungua ncha ya kanga yake kwa meno, akaweka kidonge kimoja kwenye sahani, akarudi alikotoka. Mwalimu wa madrasa akavua kofia, akatoa chake kwenye mkunjo. Halafu watu wakaanza kuondoka, na nikadhani mkutano umevunjika, kumbe wanakwenda majumbani. Walirudi mmoja mmoja. Vilitoka kwenye makuti ya paa, kwenye vibweta, ndani ya viatu vya Idi. Bibi wa goti alikataa katakata. Alisema goti lake limepona na akikitoa kile kilichobaki litarudi, na tukamwachia. Wengine walikuwa wameshameza. Wengine, kwa kuona aibu kuja mikono mitupu, walileta vya malaria. Sahani ilipofika kwa mganga wa zahanati achambue, alitoa humo pia kifungo cha shati, cha kijani hafifu, akakiinua juu akauliza ni cha ugonjwa gani.

Siku ya pili lori la korosho lililosemekana ni la mwisho lilimchukua baba Lindi. Hakubisha. Shangazi alipanda naye pamoja na mama, akasema mjane hawezi kubaki nyuma, na njia nzima, kwa maelezo ya mama, alibishana na utingo juu ya bei ya kusafirisha maiti. Daktari alikuta kidonda kimeanza kujifungua tena, kidogo, kimewahiwa. Akampa tiba ya nguvu siku kadhaa wodini. Lakini vya kulalia, vile vya kila usiku, alisema hawezi kufidia vilivyogawiwa. Akiba ni ndogo na wapo wengine wanaongoja kama yeye. Aliuliza kopo lina vingapi. Shangazi akafungua kanga akamwonyesha rambirambi. Daktari alivitazama, vingine vimekwaruzika, vingine vina harufu ya karafuu, akauliza vimetoka wapi. Akaelezwa. Mama anasema daktari alivihesabu kimoja kimoja, kisha akasema vitatosha, wavitunze.

Walirudi kwa trekta la mradi wa mbao, mvua ikiwafuata. Wiki iliyofuata daraja lilikwenda na maji. Masika ile tulikaa kama watu wa kisiwani, tukila ming'oko, vile viazi vya porini, na mihogo, chumvi ikawa ya kuazimana, na kila usiku nilisikiliza pumzi ya baba upande wa pili wa ukuta. Tumbo lilitulia. Kilichomvusha ni vile vidonge vilivyorudi kwenye sahani, si kingine.

Kopo halikurudi mikononi mwa baba tena. Mkutano ulikuwa umeamua likae kwa shangazi, na atakayepokea kidonge kwa mwenyekiti amlipe shangazi jogoo. Kwa hiyo kila siku baada ya isha tulisikia kandambili zake zinakuja. Alisimama barazani akaita, "Marehemu yupo?" Baba akaitikia kwamba marehemu yupo. "Fungua mdomo." Akamwekea kidonge ulimini kwa mkono wake, akampa maji, kisha akamwamuru afungue tena, ainue ulimi, na hapo akatoa maoni juu ya meno. Majirani walizoea kupita pale wakati huo wakijidai wanatafuta moto. Baba alilalamika kwamba amekuwa mchezo wa kijiji. Lakini siku shangazi alipochelewa, niliona anatazama njia.

Ramadhani ilipofika alijaribu mara ya mwisho. Alimwambia, kwa uso wa uchamungu, kwamba mwezi huu mambo ya dawa yasimame, amefunga. Shangazi akamwambia kidonge chake ni cha usiku, kwa hiyo Mungu alishauona ujanja wake zamani, afungue mdomo. Swaumu yenyewe mganga wa zahanati alimkataza, na hilo lilimuuma baba kuliko kidonda. Alikula uji wake mchana ndani, mlango umefungwa. Shangazi alikwenda kukaa nje ya mlango ule akipepeta mchele wake, na yeyote aliyetaka kuuliza mwenyekiti yuko wapi aliishia kuulizwa yeye mambo yake.

Mambo yalikwenda hivyo miaka. Mimi niliolewa kijiji cha jirani. Miaka ya foleni za sabuni ilikuja, mashati ya mifuko minne yakachakaa, na uenyekiti ukaenda kwa kijana yule wa ukatibu. Kuna kipindi vidonge vilikosekana Lindi yote, na shangazi akampa chaki yangu ya shuleni iliyosagwa, kwa maji, ili tu mdomo usisahau kufunguka. Ajabu ni kwamba chaki nayo ilituliza kiungulia. Baba aliniambia siku moja, tukiwa wawili shambani, kwamba hajui kama anakunywa ile dawa kwa ajili ya tumbo au kwa kumwogopa yule mwanamke. Nilimwambia vyovyote vile mradi anakunywa. Nilikuwa na furaha. Alikuwa na mvi na kitambi kidogo, na alikuwa anachovya tena sahani za watu.

Kisha shangazi akafa. Alikufa ghafla, asubuhi, akiwa na kikaango cha vitumbua motoni, hakuugua hata siku moja. Nilikimbia kutoka kwangu nikiwa na mtoto mgongoni, nikijua kwamba siku hiyo zamu ya utani ni ya baba na kwamba kijiji kizima kimekuja kumtazama. Aliitimiza. Alivaa kanga yake shangazi na kandambili zake, akatembea kama yeye, akajilaza mbele ya jeneza akakataa mkewe asipelekwe mpaka alipwe mahari aliyotoa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipopewa sarafu yake alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akabeba jeneza bega la mbele mpaka makaburini.

Jioni binti wa shangazi alileta kopo, akalikabidhi kwa mama. Isha ikapita. Tulikaa barazani, mama, baba na mimi. Mama alikuwa ameshika kopo mapajani. Hakuwahi kumwamuru baba jambo maishani mwake, na niliona midomo yake inatafuta namna ya kuanza. Mimi nami nilikuwa natafuta. Nilikuwa naogopa kama nilivyoogopa juu ya magunia ya korosho.

Baba alinyoosha mkono akalichukua kopo mwenyewe. Akalifungua, akatoa kimoja, akakiweka kiganjani.

"Sasa lazima niishi," alisema. "Nikifa mimi sasa hivi, nitazikwa na watu wenye adabu tupu."

Akakiweka ulimini, akanywa maji. Ndipo akalia.